Kutoa na kutunza damu ya kipimo cha Alzheimer katika labo za Lubumbashi

Kipimo cha p-tau217, protini inayopanda kwenye damu mtu akiwa na Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu), si cha kila mzee anayesahau alipoweka ufunguo. Kinamfaa yule ambaye munganga amempima kumbukumbu, familia imeeleza alivyobadilika, na magonjwa yanayotibika yametafutwa kwanza: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU. Uliza pia kuhusu figo. Zikiwa dhaifu, p-tau hupanda kwenye damu na majibu yanaweza kudanganya.

Tumia tubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau. Ijaze hadi alama, uipindue polepole mara 8 hadi 10 bila kuitikisa, kwa maana chembe zikipasuka plazma (maji ya damu) huwa nyekundu na sampuli imeharibika. Andika saa ya kutoa damu juu ya tubu yenyewe.

Kwenye muda ndipo wengi wanapoteleza. Damu ikingoja mezani, hasa katika joto la Oktoba, amiloidi-beta 42 na 40, protini nyingine za Alzheimer zinazopimwa, hushuka, ingawa p-tau217 huvumilia zaidi. Izungushe kwenye sentrifuji, mashine inayotenga plazma na chembe, ndani ya saa moja. Ikishindikana, iweke kwenye frigo, nyuzi 2 hadi 8. Sentrifuji iwe 1,800 g kwa dakika 10. Hiyo ni g, yaani nguvu ya mvutano, si mizunguko kwa dakika: rota (sehemu inayozunguka) yenye nusu kipenyo cha sentimita 15 inahitaji mizunguko kama 3,280.

Nyonya plazma ya juu tu, usikaribie tabaka jeupe lililo chini yake: lina chembe sahani (zinazogandisha damu), nazo zina amiloidi yake. Gawa mililita 0.5 katika vichupa vidogo vya polipropilini, vijae angalau robo tatu. Usihamishe plazma kutoka chupa hadi chupa, maana amiloidi hunata ukutani na kila mara unapoteza kidogo.

Gandisha kwa nyuzi -80. Friza ya -20 inafaa kwa siku chache za kungoja safari ya kwenda labo itakayopima. Umeme ukikatika, usifungue mlango; sampuli ikiyeyuka, andika hivyo kwenye fomu, tafadhali, hata kama inauma. Sanduku la kusafirishia lenye barafu kavu (gesi ya kaboni iliyogandishwa) lisizibwe kabisa, gesi itakosa pa kutokea na litapasuka.

Majibu yakirudi, soma kwa mipaka ya mashine iliyotumika, usiazime ya nyingine. Mipaka mingi iliwekwa kwa damu za Ulaya na Marekani. Na jibu la katikati halimpi mtu ugonjwa wala halimwondolei: huyo anahitaji vipimo zaidi.