SOMO: Maranda makavu na idadi ya kuku wa nyama katika banda la wazi

Wafugaji wengi wa ukanda wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, huanza kulalamikia maranda yaliyolowa kuku wanapoingia wiki ya nne, na tiba yao ya kwanza huwa ni kumwaga maranda mapya juu ya yale ya zamani. Kabla ya kununua gunia jingine, hesabu maji yanayoingia bandani kila siku, kwa kuwa idadi ya kuku na hali ya maranda ni hesabu moja.

Hatua ya 1: Pima sakafu kabla ya kuagiza vifaranga

Banda la mita 8 kwa 5 lina mita za mraba 40, ukiondoa sehemu ya kuwekea magunia ya chakula. Katika banda la wazi lenye pande za wavu, kuku 10 kwa mita ya mraba, wanaouzwa wakiwa na kilo 2 kila mmoja, ndiyo idadi ya juu. Penye joto kali na unyevunyevu, weka 8. Kwa hiyo banda hilo linabeba kuku 320 hadi 400. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inaanzia kilo 33 za kuku kwa mita ya mraba na kuruhusu hadi 42 kwa masharti maalumu, lakini mabanda yanayofikia kiwango hicho yana feni na mitambo ya kudhibiti hewa. Anayetegemea upepo wa baharini asiige takwimu hizo.

Sasa tazama maji. Kuku wa wiki ya tano hula takriban gramu 150 kwa siku na hunywa maji yenye uzito unaokaribia mara mbili ya chakula hicho, na zaidi joto likipanda. Kuku 400 wanakunywa takriban lita 120. Ukiongeza kuku 100, umeongeza lita 30, yaani ndoo moja na nusu kila siku, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi sakafuni kama kinyesi, huku mengine yakitoka kwa pumzi na kulowesha hewa ile ile iliyopaswa kukausha maranda.

Hatua ya 2: Tandaza juu ya sakafu iliyokauka

Tumia maranda ya randa au pumba za mpunga, kina cha sentimita 5 hadi 8. Pumba hazifyonzi maji kama maranda, ila hukauka upesi. Epuka mabaki ya mbao zilizotiwa dawa, vumbi laini la msumeno ambalo vifaranga hulidonoa, na chochote kilichoota ukungu.

Hatua ya 3: Inua vyombo vya maji

Ukingo wa chombo uwe sawa na mgongo wa kuku, nawe uupandishe kila baada ya siku chache kadiri wanavyokua.

Hatua ya 4: Kagua kwa mkono na kwa pua

Chota ukufi wa maranda katikati ya banda, ufumbate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja. Yakishikamana kama kinyago cha udongo, yana maji mengi. Yakishikana kidogo kisha yakapasuka taratibu, yako sawa. Yakimwagika yote na kuacha vumbi, yamekauka kupita kiasi. Baada ya hapo chuchumaa hadi kimo cha kuku na uvute pumzi, kwa sababu amonia, gesi yenye harufu kali inayotokana na kinyesi, hutoka kwenye maranda na kuku ndio wanaoivuta kwa wingi. Fanya hivyo mara tu unapoingia, maana pua ya mtu aliyekaa bandani huzoea harufu. Ng'oa mabonge magumu na kuyatoa nje bila kuyachanganya tena, kisha pindua yaliyobaki kwa reki asubuhi, upepo ukiwa unapita.

Hatua ya 5: Usifunge banda lote wakati wa mvua

Turubai lifungwe upande wa chini, na lifunguliwe kwa kulishusha kutoka juu, ili hewa yenye unyevu itoke bila mvua na upepo kuwapiga kuku.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Daktari, shikamoo. Je, ninaweza kunyunyiza chokaa juu ya maranda kuku wakiwamo, ili harufu ipungue?

Jibu: Marahaba. Usifanye hivyo. Chokaa huifanya amonia iliyomo kwenye maranda itoke kwa wingi zaidi, na vumbi lake huunguza macho na nyayo. Mahali pake ni sakafu tupu, baada ya kuuza na kufagia.

Swali: Kuku wangu ni 7 kwa mita ya mraba, lakini maranda yanalowa kila mahali, hata mbali na vyombo vya maji. Chakula nachanganya mwenyewe.

Jibu: Anza na dagaa. Waliokaushwa kwa chumvi hufanya kuku wanywe sana na kuharisha maji, na ukiongeza chumvi ya kawaida bila kuipunguza, unaizidisha. Ukiona kinyesi chenye damu, peleka sampuli kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani vimelea vya koksidia, vinavyosababisha kuhara damu, hukomaa upesi penye joto na unyevu.

Swali: Nina kuku 500 katika mita 40, wana wiki tatu, na masika yameanza. Nifanyeje?

Jibu: Kikomo cha kuku 10 wa kilo 2 ni kilo 20 kwa mita ya mraba, nacho ni kilo 800 kwa banda lako, yaani kilo 1.6 kwa kila kuku. Kwa hiyo tafuta mapema wateja wa kuku wadogo, hasa wauza chipsi. Pima kuku 20 kutoka pembe tofauti kila baada ya siku mbili, na wastani ukifika kilo 1.4 uza 100 hadi 150, ukianza na wakubwa. Wakamate usiku taa ikiwa hafifu, na kabla hapajapambazuka toa maranda yaliyoganda mahali walipokuwa wamebanana.