Jinsi ya kucheza rimeki ya gemu ya utotoni bila kukosana na kila mtu

Mimi ni wa ile rika iliyocheza Final Fantasy VII kwa PS1, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiskia tu neno rimeki, yaani gemu ya zamani kutengenezwa upya, nakunja uso kabla hata sijaona treila. Nimebishana kuhusu hizi gemu ndani ya matatu, nimebishana matangani mpaka shangazi akanitoa nje, na sahii ndio nimejua venye mtu anafaa kuingia kwa rimeki bila kulilia pesa yake na bila kuharibia wengine raha. Wacha niwaelezee venye mimi hufanya.

Anza na ile ya zamani, hata kama ni saa moja tu. Usiniambie unaikumbuka, huikumbuki. Pale Umoja tulikuwa na kibanda cha PS chenye viti vya plastiki na TV mbili za kisogo, mpira ulilipiwa kwa mechi lakini gemu ya hadithi haina fultaimu, kwa hivyo mwenye kibanda alikuwa anatukubalia asubuhi za likizo pekee wakati hakuna wateja, tunaingia watatu kwa pesa ya mmoja, mmoja anashika pedi, mmoja anasoma maneno kwa sauti, wa tatu kazi yake ni kuuliza maswali. CD zilikuwa tatu, za kuchomwa, na ya tatu ilikuwa imekwaruzwa mpaka mashine ikijaribu kuisoma inalia kama panya. Alafu kuna jamaa akafuta sevu yetu kwa memori kadi ndio apate mahali pa kusevu ligi yake, juu kadi nzima ilikuwa na bloku 15 tu, na stori yetu ikaishia hapo CD ya pili. Sasa fikiria mtu huyo huyo, yaani mimi, mwaka wa 2020 Final Fantasy VII Remake imetoka nasimama napayuka ati wameharibu hadithi, na mwisho wa hiyo hadithi sijawahi kuuona!

Na si mimi peke yangu. Bro yangu mkubwa aliapa kwamba sauti ya zamani ya Cloud, yule shujaa wa FF7, ilikuwa poa kuliko hii mpya. Sauti gani bana? Gemu ya 1997 haina sauti ya mtu hata mmoja, ni maandishi tu kwa kisanduku cha bluu, hiyo sauti aliitoa kwa filamu ya FF7 ya 2005. Hata Kiingereza chenyewe kilikuwa kimetafsiriwa haraka haraka, kuna mahali Aeris, yule msichana wa maua, anasema kuhusu mgonjwa mmoja na kitenzi kimekosea kabisa, mpaka sisi watoto wa shule ya msingi tuliona. Na jina lenyewe siku hizi ni Aerith, wazee bado wanapigania hiyo herufi moja. Kwa hivyo itafute ile ya zamani, iko hata kwa simu, cheza mpaka utoke ule mtambo wa kwanza wa mako, ile nishati ya mle ndani ya gemu, alafu uandike mahali vitu vitatu ulivyovipenda kweli. Viandike kwa karatasi, juu hiyo karatasi utaihitaji baadaye.

Kisha jua unanunua nini, hapa ndio watu wengi huumia. Kuna ile ya kupakwa rangi tu, gemu ni ile ile, kama Suikoden I na II zilivyorudi 2025. Kuna ile ya kujengwa upya lakini mifupa ni ya zamani, Dragon Quest III ya 2024 bado unapigana kwa zamu kama ile ya 1988. Oblivion ya 2006 iliporudi Aprili 2025 iliingia katikati hapo, sura mpya kabisa ya Unreal Engine 5 lakini chini ya boneti injini ya kitambo bado inanguruma na vituko vyake. Alafu kuna ile inayochukua hadithi unayoijua na kuongea na wewe kuihusu, na hiyo ndiyo rimeki ya FF7. Ukiingia kwa ya mwisho ukitarajia ya kwanza, utatusi watu bure.

Angalia nafasi na bando mapema. Gemu yetu yote ilikaa kwa CD tatu, Oblivion mpya inataka GB 125, FF7 Rebirth, ile inayoendeleza Remake, kwa PC inataka 155. Kama waifai ya ploti mnagawana nyumba nane, beba mashine uende kwa rafiki mwenye laini nzuri, na umpelekee kitu mkononi.

Ukishaiweka, pitia setingi kabla hujabonyeza chochote. Najua mtu mzima aliyeacha FF7 Remake siku ya kwanza juu "hakuna zamu tena, ni kukimbia na kubonyeza", na kulikuwa na mudi inaitwa Classic hapo hapo mwanzoni, Cloud anapiga na kujikinga mwenyewe, wewe unangoja mstari ujae unachagua kwa menyu kama zamani. Shida yake ilikuwa moja, ilipotoka 2020 hiyo mudi ilikuwa kwa kiwango cha mteremko pekee, bosi anaanguka kama ugali haujaiva. Wazee wakalalamika, na toleo la PS5 la 2021 likaleta Classic ya kiwango cha kawaida. Final Fantasy Tactics nayo iliporudi Septemba 2025 ilikuja na matoleo mawili ndani ya boksi moja, lile jipya na lile la kitambo, unachagua roho yako inataka nini.

Sasa cheza, lakini jipe masaa kumi kabla hujasema kitu. Kumi ni kipimo changu mimi, juu masaa ya kwanza huwa huchezi, unakagua. Unaangalia kama kanisa la Aerith liko mahali pake, kama maua ni ya manjano, kama ule wimbo umeingia sekunde ile ile. Rimeki ya FF7 inajua unakagua. Ile sehemu ya Midgar, mji ambapo hadithi inaanzia, ambayo zamani ulipita kwa masaa machache imevutwa mpaka 30 na zaidi, na ndani yake wamewekwa mizimu yenye kanzu za kijivu, kila hadithi ikitaka kuchepuka wanatokea kuirudisha kwa njia. Mimi niliwachukia hao mizimu sana, nikasema huu ni upuzi, mpaka siku moja stima imepotea nimekaa gizani ndio ikanigonga kwamba hao ni sisi. Wazee wa CD tatu, tunashika gemu shati tukiiambia rudi, haikuwa hivyo. Bado sijapenda walivyomaliza ile sura ya mwisho, ni kelele nyingi kwa maana kidogo, lakini angalau sasa najua ni nini sipendi.

Ukimaliza toa ile karatasi yako. Kitu kikiwa kwa karatasi na kwa rimeki hakiko, hapo una haki ya kulalamika, na ulalamike vizuri, juu malalamiko mazuri hufanya kazi. Chrono Trigger iliingia kwa PC Februari 2018 ikiwa imetolewa kwa simu moja kwa moja, vitufe vikubwa kama vya kubonyeza na kidole, picha zimepakwa ukungu. Watu hawakusema tu "takataka", walisema menyu hii, fonti hii, picha zile, na ndani ya mwaka huo huo apdeti zikaja, picha za zamani zikarudi. Fonti ya Final Fantasy Pixel Remaster ya 2021, zile Final Fantasy sita za kwanza zilizochorwa upya, nayo ilikuwa nyembamba mpaka macho yanauma, matoleo ya mashine ya 2023 yakaja na chaguo la fonti nyingine. Lakini ukisema tu "utoto wangu umeharibiwa", hiyo hakuna fundi anaweza kuitengeneza.

Na uchuje. Persona 3 Reload ya 2024 iliacha yule msichana mhusika mkuu wa toleo la PSP la 2009, hilo ni lalamiko la maana, watu walicheza gemu nzima kupitia kwake. Lakini kuna watu pia walisikitika ati sasa unaamrisha wenzako mwenyewe vitani, wakati zamani walikuwa wakijiamulia. Ndugu, umesahau Mitsuru, yule mwenzetu wa vitani? Bosi anatumaliza, dada anapiga Marin Karin, ule uchawi wa kumlaghai adui, haijashika, anapiga Marin Karin tena. Hayo ni mateso tuliyazoea tu.

Ya mwisho ni ngumu kuliko zote, nayo ni kufunga mdomo ukiwa na mgeni. Desemba nilimkalisha mpwa wangu wa miaka kumi na minne hapo kwa kochi, anacheza FF7 mara ya kwanza maishani, hajui kitu, hajawahi kuskia kitu, na kwa sisi wa PS1 kinachotokea mwisho wa CD ya kwanza tulikibeba kama msiba wa familia. Akafika kwa kanisa, akampenda Aerith hapo hapo. Akaniuliza, "Anko, huyu wa maua tutakuwa na yeye mpaka mwisho?" Bro yangu akafungua mdomo. Nikamwambia aende dukani alete mkate.

"Uko na mkate hapo mezani," akasema.

"Leta mwingine."