Kuomba Kibali cha Kubadilisha Madirisha katika Jengo la Wamiliki Wengi

Mwenye fleti hulifungua, hulifunga na kulisafisha dirisha lake kila siku, kwa hiyo ni rahisi kwake kudhani kuwa anaweza kulibadilisha kama anavyobadilisha pazia. Hata hivyo, upande wa nje wa dirisha hilo ni sehemu ya uso wa jengo, na uso wa jengo kwa kawaida ni mali ya wamiliki wote. Swali la kwanza, basi, ni nani anayemiliki dirisha kisheria, na ni vyema lijibiwe kabla fundi hajaitwa kupima. Katika baadhi ya majengo dirisha zima ni mali ya pamoja. Katika mengine kioo ni cha mwenye fleti na fremu ni ya wote. Na yapo ambayo dirisha ni la mwenye fleti, ila haruhusiwi kubadilisha mwonekano wake. Jibu hupatikana katika hati ya umiliki, ramani inayoonyesha mipaka ya kila fleti na kanuni za jengo, hasa vifungu vinavyotaja kuta za nje, mwonekano na wajibu wa matengenezo.

Vifungu hivyo vya matengenezo visomwe kwa makini zaidi, kwa sababu vinagusa mfuko. Ikiwa dirisha ni mali ya pamoja na fremu yake imeoza au inavujisha maji, huenda ni chama cha wamiliki kinachopaswa kulitengeneza kwa fedha za wote, na anayekimbilia kuomba ruhusa ya kujilipia anaweza kubeba mzigo usio wake. Pia, kama hati ya fleti ina majina mawili au zaidi, wamiliki wenza wote watie saini ombi. Kamati ya chama hicho, inayopokea ombi, haiwezi kuamua juu ya mali ambayo wenyewe hawajakubaliana.

Ombi liandikwe, hata pale ambapo mwenyekiti amekwisha kukubali kwa mdomo mlangoni. Lieleze ni madirisha gani, ya chumba gani na ya upande upi wa jengo, na liambatane na picha za yaliyopo pamoja na mchoro wa yanayokusudiwa wenye vipimo, mali ghafi ya fremu, rangi, mgawanyo wa vioo na namna dirisha linavyofunguka. Kwa maoni yangu, mgawanyo wa vioo ndio unaosahaulika zaidi: dirisha lililokuwa na vipande vinne likirudi na kioo kimoja kipana huonekana geni hata kama rangi haikubadilika. Njia inayopunguza ubishi ni kuchagua fremu zinazofanana na zilizopo, au na zile ambazo kamati imekwisha kuziidhinisha kwa jirani.

Maelezo ya kiufundi nayo yasiachwe. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa takriban kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba, hivyo dirisha la vioo viwili vya unene huo hufikisha kilo 20 kwa kila mita ya mraba kabla ya kuhesabu fremu, na bawaba na ukuta unaozunguka nafasi hiyo lazima vihimili. Madirisha mapya huziba upenyo wa hewa zaidi kuliko ya zamani. Palipo na jiko au kipasha maji cha gesi, ombi lionyeshe hewa itaingilia wapi. Ikiwa nafasi ya dirisha itapanuliwa, hilo si badiliko la dirisha tena, ni kuukata ukuta, na kamati itakuwa na haki ya kudai ripoti ya mhandisi.

Kibali cha kamati hakichukui nafasi ya kibali cha mamlaka ya ujenzi pale sheria inapokihitaji, na majengo yaliyohifadhiwa kwa thamani ya kihistoria huwa na masharti makali zaidi. Chunguza pia kama kanuni zinaipa kamati mamlaka ya kuamua peke yake au zinataka kura ya mkutano mkuu, maana katika hali ya pili ni lazima ombi liingie kwenye ajenda mapema, la sivyo litasubiri mkutano mwingine. Likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kinachopingwa ni rangi au aina ya fremu tu, na mchoro uliorekebishwa hupita.

Uamuzi ukitolewa, pata nakala ya muhtasari wa kikao wenye masharti yote: saa za kazi, bima ya mkandarasi, ulinzi wa wapita njia chini na uondoaji wa vioo vya zamani. Malipo ya awali kwa fundi yasubiri karatasi hiyo, kwa kuwa madirisha yaliyokatwa kwa vipimo maalumu hayarudishwi dukani. Nakala ihifadhiwe pamoja na hati ya fleti, kwani mnunuzi wa baadaye ataiulizia.