Kupata Programu za Bure, na Kwa Nini Baadhi Yake Huanza Kulipiwa

Mwenye duka la uchapishaji jijini Nairobi anayehitaji programu ya barua na hesabu na aingie moja kwa moja kwenye tovuti ya watengenezaji, kwa mfano libreoffice.org kwa programu ya bure ya LibreOffice, badala ya kubofya tangazo la kwanza, kwa kuwa matangazo ya aina hiyo mara nyingi huleta faili lililoambatishwa programu asizozihitaji. Faili la LibreOffice la Windows huzidi megabaiti 300. Ni heri kulipakua kwa Wi-Fi kuliko kwa bando la simu.

Kabla ya kupakua, asome leseni. Programu ya bure ambayo msimbo wake (maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji) umefichwa hubaki mali ya kampuni, nayo kampuni ikishapata watumiaji wengi, au gharama za seva zikiielemea, inaweza kudai malipo, kama LogMeIn ilivyofanya mwaka 2014 ilipofuta huduma yake ya bure ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Msimbo ulio wazi hauzuiliki hivyo: kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun, kampuni iliyomiliki programu ya ofisi ya OpenOffice, mwaka 2010, baadhi ya watengenezaji wa OpenOffice waliuchukua msimbo, kihalali kabisa, wakaanzisha LibreOffice.

Nyaraka zihifadhiwe katika muundo wa faili uitwao ODF (OpenDocument Format), unaofunguka kwa programu nyingi.