Maranda kwenye ndoo ya maganda

Hili nimelipata kwa mama anayelima mchicha mtaani kwetu, na linafaa lisambae. Tenga ndoo ya maganda na mabaki ya mboga, na kila ukimwaga, funika juu kwa maranda ya seremala au majani makavu, kama mara mbili ya ulichomwaga. Maganda mabichi yana maji mengi. Yakibanwa mfukoni pamoja na chupa na nepi, yanaoza bila hewa, yananuka na kutoa gesi ya methani, inayopasha joto dunia kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi. Ndiyo yanayotokea kwenye madampo kama Pugu Kinyamwezi la Dar es Salaam na Dandora la Nairobi, pamoja na yale maji meusi yanayochuruzika hadi ardhini. Maranda hunyonya maji na kuacha nafasi ya hewa, kwa hiyo harufu inakatika na inzi wanapungua. Faida ninayoithamini zaidi: chupa na makopo yanabaki safi, na muokota chupa hapekui uozo kwa mikono mitupu.

Haifai kwa nyama, samaki na vyakula vya mafuta. Hivyo vitaita panya. Maranda ya mbao zilizopigwa dawa usiyaguse, maana sumu itaishia kwenye mboji, yaani mbolea inayotokana na ndoo hii yakishaoza, na mboji ndiyo inayokwenda kwenye mboga zako. Wakati wa masika ndoo ikiingia maji itanuka vilevile, hivyo itoboe matundu chini na uiweke kibarazani.