Kabla hujasema "lokesheni imepatikana" Mtwara

Ukitafuta mahali pa kushuti filamu ya taharuki, ukapita vichochoro vya Mikindani, mji mkongwe karibu na Mtwara, saa kumi na moja jioni, kati ya kuta za matumbawe zilizobomoka nusu na milango ya nakshi iliyofungwa kwa kufuli zenye kutu, utaona kazi imekwisha: hapa ndipo muuaji atapita. Wanafunzi wengi huishia hapo. Picha tatu za simu, kisha bwenini kuandika mswada. Mimi nakushauri urudi pale pale ufumbe macho.

Filamu ya taharuki hula ukimya, na ukimya hauonekani kwenye picha. Kaa nusu saa, kwa saa ile ile utakayoshuti, urekodi kwa maiki ile ile. Barabara ya Lindi iko jirani, bodaboda hazilali. Adhana ya magharibi na ya isha zitaingia katikati ya mnong'ono wa mhusika wako, kwa hiyo panga sini za maneno baada yake. Ufukweni, wakati wa upepo wa kusi, maiki isiyofunikwa vizuri itakuletea mvumo mtupu, na mazungumzo utayarudia chumbani.

Kisha bahari. Hili tulijifunza kwa hasara. Tulivuka kwa boti kwenda Msanga Mkuu siku ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, tukakuta mchanga mpana wa kukimbizana hadi uchoke. Wiki moja baadaye tulirudi na waigizaji, vifaa na wali wa kubeba, kumbe ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku za bamvua upande huu maji hujaa alasiri, karibu saa kumi au saa kumi na moja, yaani saa ile ile tuliyoitaka kwa ajili ya mwanga. Mchanga ulibaki ukanda wa hatua nne. Kumbuka pia kwamba maji huchelewa kiasi cha dakika hamsini kila siku. Sini uliyoikatiza leo ukiimalizia kesho saa ile ile, mtazamaji ataona bahari imesogea. Muulize mvuvi kabla ya kupanga tarehe.

Mwanga wenyewe haukungoji. Jua likizama baada ya saa kumi na mbili, ndani ya nusu saa ni giza. Sini ya machweo ni moja kwa jioni, labda mbili kama waigizaji wamekariri.

Maghala ya korosho yanavutia mno: marefu, yenye mwangwi, mwanga ukiingia kwa mistari. Lakini kuanzia Oktoba msimu ukichanganya, humo mna magunia, wapagazi na walinzi, na hakuna wa kukusikiliza. Ombeni Juni au Julai.

Ruhusa ni ngazi, si karatasi moja. Kuna kibali cha Bodi ya Filamu, kuna mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, halafu kuna mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ndiye mgumu kuliko wote. Boma la Wajerumani la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, leo ni hoteli, hivyo zungumzeni na wenyewe mapema. Droni ina kibali chake, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga inahusika. Bandari na mitambo ya gesi ya Madimba yafuteni kwenye orodha, hata kama mswada unalia. Vivyo hivyo watu wenye barakoa na mapanga kando ya Ruvuma: tangu vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, vianze mwaka 2017, ng'ambo tu ya mto, hakuna askari wala mwanakijiji atakayengoja umweleze kuwa ni mchezo.

Umeme, choo, mahali pa dada kubadilishia nguo: viangalieni siku ya kwanza.

Halafu majirani. Usiku mmoja mwigizaji wetu alipiga ukunga wa "Mwizi!" kama alivyoagizwa, na kabla mwongozaji hajasema kata, vijana wa mtaa walishatoka na marungu, wakimwendea yule kaka aliyevaa koti jeusi. Tulimsitiri kwa miili yetu. Tangu hapo, mchana wa siku ya kushuti napita nyumba hadi nyumba, nabisha hodi, namsalimu mama mwenye nyumba, namwambia ukunga utapigwa saa ngapi na mara ngapi, maana wa kwanza haujawahi kutosha.