Pesa za mteja zikae kando: kupanga vitabu vya ofisi ya wakili

Nyinyi mnaofungua ofisi zenu sasa, iwe Nkrumah Road hapa Mombasa ama chumba kimoja huko Kisauni, kesi mtaziweza, kinachoangusha ofisi nyingi ni pesa. Na kubwa zaidi ni hili, pesa ya mteja si yako hata ikikaa kwako miezi sita.

Hatua ya 1. Fungua akaunti mbili benki kabla hujapokea faili yoyote, moja ya ofisi na moja ya wateja, na hiyo ya wateja iandikwe hivo wazi kwenye jina. M-Pesa pia, mteja asitume kwa simu yako binafsi, mpe namba inayoingia moja kwa moja akaunti ya wateja.

Hatua ya 2. Kila mteja awe na leja yake, yaani daftari la pesa zake zinazoingia na kutoka. Hapa msipaharakishe. Tuseme mtu anunua ploti Likoni kwa milioni 6, atakuletea 600,000 ya dipoziti ya muuzaji, asilimia 10 hiyo, kisha 240,000 ya stempu duti, kodi ya serikali ya kuhamisha ploti, ambayo mjini ni asilimia 4 (na mwambie mapema kwamba mthamini wa serikali akipandisha bei duti nayo yapanda, asije akadhani wamla). Zote zaingia leja yake. Sasa kwa vile benki zimelala pamoja na za wenzake, balansi yaonekana nono, karani akilipia duti ya mtu ambaye bado hajaleta pesa, cheki itapita tu bila shida, lakini leja ya yule imeenda hasi na maana yake ni kwamba umelipa kwa pesa za mteja mwengine. Kwa hivo kabla ya kusaini cheki angalia leja ya huyo mtu, usiangalie balansi ya benki.

Hatua ya 3. Ada yako usiitoe akaunti ya wateja mpaka umempa mteja bili ama umemwandikia kiasi chake, na umemjulisha kuwa utakata kwenye pesa unazomshikia. Bili isaini, maana akikataa kulipa huwezi kumshtaki mpaka upite mwezi mmoja tangu umpelekee.

Hatua ya 4. Invoisi zipite eTIMS, mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi, KRA. Mapato yakifika milioni 5 kwa mwaka jisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ile asilimia 16 iweke kando mara moja, ritani mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kampuni zikikukata kodi ya asilimia 5 kwenye ada yako hakikisha cheti chake kimeingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, ni pesa yako hiyo.

Hatua ya 5. Kila mwisho wa mwezi linganisha steitimenti ya benki, kitabu cha pesa na jumla ya leja zote. Zikitofautiana hata kwa shilingi 200 tafuta mpaka uione, mara nyingi ni charji za benki zimekatwa kwenye akaunti ya wateja, basi zirudishe kutoka akaunti ya ofisi siku hiyo hiyo na uwaandikie benki barua kwamba charji zote wakate upande wa ofisi.